Kipawa bwenini na hofu ya kuaminiwa

Kando ya Barabara ya Ngong kuna shule ya wavulana iliyopewa jina la mtabiri. Ilipoanzishwa mwaka 1949 iliitwa Duke of York na ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Baada ya uhuru ikawa Lenana School, kwa kumkumbuka Olonana mwana wa Mbatian, oloiboni wa Wamaasai aliyefariki mwaka 1911. Wanafunzi wake hadi leo hujiita Laibons. Inasimuliwa kwamba Mbatian alipohisi kifo kimekaribia alimwahidi mwanawe mkubwa, Sendeyo, vifaa vya uganga wa ukoo. Lenana akayasikia maneno hayo, akawahi kabla hakujapambazuka, na mzee, aliyekuwa na jicho moja tu, akamkabidhi yeye. Sendeyo alipofika akakuta mambo yamekwisha. Ndugu hao na wafuasi wao walipigana kwa miaka.

Ndugu wawili, kipawa kilichochukuliwa kwa hila, na shule ya bweni iliyobeba jina la aliyeshinda. Mwandishi wa riwaya za vijana ataka nini tena? Lakini miswada ya wanafunzi wenye nguvu zisizo za kawaida ninayoletewa na vijana wa hapa jijini Nairobi huanzia kwenye kasri. Kuna mnara, kuna msitu uliokatazwa, kuna barua ya ajabu inayomwita mtoto yatima. Jina la mhusika limebadilishwa likawa Kamau au Atieno, na mengine yameachwa yalivyokuja.

Najua yalikotoka. Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alimpeleka kijana mchunga mbuzi katika shule ya wachawi kisiwani Roke. Mwaka 1997 J. K. Rowling akafungua milango ya Hogwarts, shule ya uchawi ya Harry Potter, na watoto wa dunia nzima wakaingia. Wajapani nao wamejaza simu za vijana wetu: katuni ya My Hero Academia ilianza kuchapishwa mwaka 2014, Jujutsu Kaisen mwaka 2018, na zote mbili zinahusu wanafunzi wanaofundishwa kutumia nguvu zao. Simama kwenye stendi yoyote jioni utazame nganya, zile matatu za michoro, zikipita. Wahusika hao wamechorwa ubavuni, macho yakiwaka, pamoja na wanasoka na wanamuziki.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba hadithi hizi ni za kigeni. Nakubali nusu. Nusu ya shule si ya kigeni kwetu hata kidogo. Kijana wa Marekani anaposoma kuhusu nyumba nne zinazoshindania pointi, viranja wenye beji na bwalo la kulia chakula pamoja, anasoma mambo ya nchi nyingine. Kijana wa Kenya anasoma maisha yake. Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa mfano uleule wa shule za bweni za Uingereza, na baada ya uhuru mfumo huo ukaenea hadi shule za kaunti ambazo hazijawahi kuona Mwingereza. Nyumba, kengele, kiranja mkuu, adhabu ya kufyeka nyasi, monoo, yule mgeni wa mwaka wa kwanza, anayetumwa na wakubwa: vyote hivyo tunavyo. Ndiyo sababu watoto wetu waliipenda Hogwarts haraka vile.

Kilichoazimwa bila kupimwa ni hofu inayoiendesha hadithi. Katika riwaya ya Rowling, ulimwengu wa wachawi umejificha kwa sheria kali ili watu wa kawaida wasijue upo. Hata mjomba na shangazi wa Harry, ambao wanajua na wanachukia, shida yao kubwa ni majirani wasio na habari. Wanawaambia watu kwamba mtoto huyo anasoma katika shule ya wavulana wakorofi wasiorekebishika. Jamii nzima imejengwa juu ya dhana kwamba mtu wa kawaida haamini. Ukimwonyesha, atatafuta maelezo mengine. Kitu kilekile kimo katika Jujutsu Kaisen, ambako watu wengi hawayaoni mapepo yanayowazunguka. My Hero Academia imegeuza meza: karibu asilimia 80 ya watu wana nguvu, na yule asiye nazo ndiye wa kuhurumiwa. X-Men, mashujaa wa katuni waliotokea Marekani mwaka 1963, wako karibu nasi kidogo kwa sababu huko watu wanajua na wanaogopa. Lakini wanawaogopa kama kabila geni lililoingia nchini.

Sasa mlete mtoto wa namna hiyo Nairobi. Mtoto wa sekondari, bweni la wasichana, anasema alimwona marehemu shosho yake amesimama mwisho wa vitanda na akamwambia nani atafiwa wiki hii. Nani atamcheka? Wenzake hawatamcheka. Matroni hatamcheka. Mamake akipigiwa simu hataambia mtu kwamba mtoto ana ndoto mbaya. Atapanda matatu usiku huohuo akiwa na mchungaji. Kwetu mtoto mwenye kipawa hafi kwa kukosa wa kumwamini. Anaaminiwa upesi mno, na watu wote kwa pamoja, na kila mmoja ana jina tayari la kile kilichomwingia.

Hili silitoi hewani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani nchini, ikaongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilipotolewa mwaka 1999 ilisema ibada hizo zipo, na shule zilikuwa miongoni mwa mahali zilipotajwa kuingia. Fikiria uzito wa jambo hilo: dola imekaa, imesikiliza mashahidi, imeandika, na kumwambia mzazi kwamba uoga wake una msingi. Mzazi aliyekuwa mwanafunzi miaka hiyo ndiye leo mwenye mtoto bwenini. Oktoba 2023, wasichana zaidi ya 90 wa shule moja kule Kakamega walilazwa hospitalini, miguu ikiwatetemeka na kukataa kubeba mwili. Madaktari walichukua sampuli wakapima. Mitandaoni na makanisani hukumu ilikuwa imeshatolewa kabla majibu hayajarudi.

Na mji huuhuu unaoogopa nguvu hizo hununua nguvu hizo. Nguzo za umeme kutoka Kayole hadi Kawangware zimebandikwa matangazo ya waganga: kurudisha mpenzi, kupandishwa cheo, kushinda kesi. Mteja wa mganga huyo ndiye jirani atakayeita umati mtoto wa watu akishukiwa. Riwaya inayotaka kuitwa ya Nairobi haiwezi kuchukua upande mmoja tu wa tabia hiyo.

Daftari moja lilinionyesha njia kuliko vitabu vingi. Lilikuwa kaunta buku la jalada gumu jeusi, mali ya msichana wa kidato cha tatu katika shule fulani ya bweni hapa jijini. Lilikuwa limepita mikono mingi hadi kurasa za mwanzo zikalegea kwenye uzi, na pembeni wenzake walikuwa wamemwandikia kwa kalamu za rangi mbalimbali. Mmoja aliuliza sura ya saba iko wapi. Mwingine alimsihi asimuue Achieng. Mhusika mkuu ni msichana ambaye akigusa shuka la mtu anajua ataugua au la. Katika sura ya pili yuko mbio kutandika vitanda kabla ya ukaguzi wa asubuhi, na amevuta mikono ya sweta hadi ikafunika viganja, anasukuma ncha za shuka chini ya godoro kwa ngumi. Matroni anamuuliza kwa nini anatandika hivyo. Anajibu kwamba anasikia baridi. Ni mwezi wa Februari, na mwandishi ametaja Februari makusudi, maana kila msomaji wa Nairobi anajua jua la mwezi huo.

Tazama alichokifanya. Msichana yule haogopi kwamba matroni hatamwamini. Anaogopa kwa sababu anajua matroni ataamini neno kwa neno, atamwendea naibu wa mwalimu mkuu, na kabla ya prep ya jioni mama yake atakuwa amefika getini. Kwa hiyo anadanganya kuhusu baridi. Uongo huo mdogo umebeba hadithi yote, na hakuna kasri linalohitajika.

Daftari lilinyang'anywa katika msako wa masanduku. Mwalimu wa zamu alilifungua katikati, akasoma ukurasa, akaamua ni mambo ya giza. Mama aliitwa, maombi yakafanywa ofisini. Ni yeye mama aliyeniletea nilisome, akitaka nimwambie kama bintiye ana shida. Nilimwambia bintiye ni mwandishi, na kwamba anaandika vizuri kuliko watu wengi ninaowasoma kwa malipo. Mama alilia. Sidhani nilimshawishi kabisa, na simlaumu, kwa sababu alilelewa katika nchi ileile niliyolelewa mimi.

Niseme wazi pia kwamba hofu hii inaua. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wazee kwa kuwashuku kuwa wachawi. Pwani, hasa Kilifi, wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma hizohizo, mara nyingine na watu wa ukoo wao wanaotaka shamba. Sheria yetu ya uchawi, ya mwaka 1925, iliandikwa na serikali ya kikoloni iliyoona nguvu hizo kuwa ulaghai, na kosa inalolisaka ni la mtu anayejifanya anazo. Sheria ya wasioamini, imewekwa juu ya watu wanaoamini, imebaki vitabuni zaidi ya miaka 100. Mwandishi anayempa mtoto wa shule kipawa anaandika karibu na makaburi hayo. Akifanya uchawi kuwa mchezo wa fimbo na mwanga wa rangi, amewapita wazee hao bila kuwaona. Akifanya kila bibi mwenye mitishamba kuwa adui wa sura ya mwisho, amefanya vibaya zaidi.

Mapokeo yetu yana mafunzo ya ufundi ambayo ningependa vijana wayaibe bila haya. Chukua Fumo Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa huyo hashikiki kwa mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na anayeidunga ni mwanawe wa kumzaa aliyeahidiwa makubwa na mfalme. Chukua Lwanda Magere wa Wajaluo, mwili wake jiwe, uhai wake kivulini, na siri hiyo ikatoka kwa mke aliyeletwa nyumbani mwake kutoka kwa maadui. Nguvu katika hadithi zetu ina tundu, na tundu hilo linajulikana na mtu wa ndani. Shujaa hashindwi na mwenye nguvu kumliko. Anashindwa na aliyelala naye nyumba moja.

Na nyumba moja ni nini kwa mtoto wa miaka 15 kama si bweni? Anayekujua katika shule ya Kenya ni yule wa kitanda cha juu. Anajua ukiota unasema nini, anajua unalia siku gani, anajua unaficha wapi sukari. Kama una kitovu cha Liyongo, yeye ndiye wa kwanza kujua. Riwaya nyingi za kigeni za aina hii humpa shujaa rafiki mwaminifu hadi mwisho na adui anayevaa nguo nyeusi. Ningetoa lolote kusoma riwaya ya Nairobi ambamo rafiki wa kitanda cha juu anaahidiwa kitu kidogo tu, labda ukiranja, labda karo ya muhula, na anasita kurasa 40 kabla ya kusema.

Liyongo ana zawadi nyingine. Akiwa kifungoni, mamake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kujua askari watakula vyakula vizuri na kuuacha ule mkate duni. Kila aliyewahi kupekuliwa getini siku ya wazazi kutembelea ataelewa bila kuelezwa.

Wapo wanaoniambia Kiswahili hakina mazoea ya hadithi hizi. Wanasahau upesi. Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo mna majini, na mna ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o wa Tanzania akaandika Mirathi ya Hatari, ambamo kijana Gusto anarithishwa uchawi na babake anayekufa, na tangu hapo hana pa kuiweka mirathi hiyo. Huo ni uzito wa riwaya ya vijana kabisa: kitu ambacho hukukiomba, kimetoka kwa mtu unayempenda, na huwezi kukirudisha. Na nje ya vitabu yupo DJ Afro, ambaye kwa miaka ametafsiria vibanda vya video vya mitaani sinema za kigeni kwa Kiswahili na Sheng. Kaa kwenye benchi lake Mathare au Kibra usikie watu wanavyomjibu. Masikio ya Nairobi yanapokea nguvu za ajabu kwa Kiswahili bila tatizo lolote.

Nje ya Afrika Mashariki, aliyenifurahisha zaidi ni Nnedi Okorafor na Akata Witch ya mwaka 2011. Sunny, msichana mwenye ualbino anayeishi Nigeria, anaitwa mchawi na mwanafunzi mwenzake kabla hajajua kama ana uwezo wowote. Tuhuma inatangulia kipawa. Tena haondoki kwenda kasri. Asubuhi anaenda shule yake ya kawaida, na elimu ya siri anaipata pembeni. Kila anapojifunza jambo la kweli, vipande vya chuma huanguka kutoka hewani kama malipo. Okorafor hakuazima hofu. Aliikuta nyumbani akaiandika.

Sisi tunacho kitu ambacho hata yeye hakukihitaji, nacho ni mtihani. Karatasi za KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hufungiwa kwenye kontena za chuma na hufunguliwa asubuhi chini ya ulinzi wa polisi. Weka mwanafunzi anayeona kupitia chuma. Weka mwingine anayesikia mawazo ya mwenziwe chumbani. Je, hiyo ni mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani? Atajuaje jibu lipi ni lake? Akiandika anachokijua kwa bidii yake, na mwenzake aliyewaza kosa lilelile ameandika vilevile, baraza la mitihani litafuta matokeo ya nani? Na wazazi walioita mchungaji mwezi wa Februari, watafanya nini mwezi wa Novemba wakijua mtoto ameiona karatasi ya Hisabati? Hapo ndipo mji unaoogopa na kununua unakutana na mtoto mmoja aliyevaa sare, na mwandishi hana haja ya kumtafutia pepo mbaya wa kupigana naye.

Miswada inayokaribia uwanja huu hapa kwetu ina ugonjwa mmoja, ule wa mwisho wa toba. Mtoto ana kipawa kwa sura kumi na mbili za kusisimua, kisha katika ya kumi na tatu anaokoka, hirizi zinachomwa uwanjani, na mwalimu mkuu anatoa hotuba. Sina ugomvi na toba. Nina ugomvi na mwandishi asiyeiamini akiiandika kwa sababu anamwogopa mnunuzi. Na mnunuzi anajulikana. Wachapishaji wa Nairobi wanaishi kwa vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya mitaala. Kitabu kisicho orodhani kinauzwa kwa mzazi mmoja mmoja, na tangu mwaka 2013 vitabu vinatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16. Mhariri anapouona uchawi katika muswada wa vijana anahesabu shule zitakazoukataa. Naielewa hesabu hiyo. Lakini imetuletea rafu nzima ya hadithi ambazo vijana wanazisoma wakiwa wamejua mwisho.

Hali yenyewe inabadilika mbele ya macho yetu. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, likiwa limegawanywa katika mikondo mitatu: ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mtaala mpya unatangaza kukuza uwezo wa kila mwanafunzi, maana yake mwalimu amepewa kazi rasmi ya kutafuta kipawa cha kila mtoto, kukipima na kukiandika. Mpeleke yule mtoto wa shuka mbele ya mwalimu huyo mwenye fomu. Mwalimu ni mtu mzuri, anampenda mtoto, anasali kila Jumapili, na nyumbani kwao kuna shangazi aliyefukuzwa kijijini kwa tuhuma. Atauliza, mtoto atajibu au atanyamaza, na lolote atakaloandika mwalimu kwenye fomu hiyo litakuwa na matokeo. Sura kama hiyo haiwezi kuandikwa London wala Tokyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahariri wa jiji hili ni hili. Muswada wa namna hiyo ukija, na nina hakika utakuja, msiuombe toba wala msiifanye orodha ya KICD kuwa kipimo cha kwanza. Uchapeni nakala chache kwa bei ya kijana, uwekeni Kaloleni na Makadara ambako maktaba zimefufuliwa na watoto wanajaa, na uacheni ufike hadi kwa wauza vitabu wa kutandika chini katikati ya mji. Wasomaji wake tayari wananakiliana hadithi kwa mkono na kuulizana sura inayofuata iko wapi.